Nani Aliamua Vita?

 

Jenerali David Musuguri alifariki dunia tarehe 29 Oktoba 2024, akiwa na umri wa miaka 104. Ilikuwa karibu siku ileile ambayo, miaka 46 nyuma, majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka na kuingia Kagera. Redio na magazeti yalimweleza vizuri: mwana wa Butiama, askari wa KAR (King's African Rifles) enzi za Mwingereza, kamanda wa Divisheni ya 20 iliyopigana mpaka Kampala, kisha Mkuu wa Majeshi kuanzia 1980 hadi 1988. Hata lile jina la utani, Jenerali Mutukula, halikusahauliwa. Yote hayo ni kweli na yanastahili kusemwa. Lakini nilipokuwa nikisikiliza nilibaki na swali ambalo taarifa ya msiba haina nafasi nalo. Usiku fulani kule mbele, ramani imetandazwa, taarifa zinapingana, huyu mzee alikuwa anajua nini? Hakujua nini? Na nani mwingine alikuwa pale, akasema neno ambalo halikuandikwa popote?

Basi leo nataka tuzungumze juu ya kazi ya kurekodi watu walioamua mambo ya vita. Wengi tunaidhani ni kazi nyepesi. Unamkuta mzee barazani, unamwamkia, unaweka simu mezani, unamwambia, "Mzee, tusimulie." Naye atasimulia, tena vizuri, maana hadithi ile amekwisha kuisimulia harusini, msibani na kila Siku ya Mashujaa, mpaka imekuwa laini kama jiwe la mtoni. Ulaini huo ndio unaonitia shaka. Hadithi iliyosuguliwa namna hiyo imekwisha kuyatoa yale yaliyokwaruza: amri iliyochelewa, ujumbe uliosomwa vibaya, hofu, ubishi wa watu wawili waliokuja kupatana baadaye. Na uamuzi wa vita, msikilizaji, hutengenezwa na hayo hayo yaliyotolewa.

Chukua vita vya Kagera vyenyewe. Kwa upande wetu mambo yanaonekana wazi kabisa. Mwanzoni mwa Novemba 1978 Mwalimu Nyerere alizungumza na taifa, na mpaka leo hata mtu aliyezaliwa baada ya vita anaweza kukutajia yale matatu: sababu, nia na uwezo. Kanda ipo na sauti ipo. Nani aliamua? Mwalimu. Lini? Tazama tarehe ya hotuba. Basi, tumemaliza.

Sasa vuka mpaka, uliza swali hilohilo. Nani aliamua kuivamia Tanzania? Utasema Amin, na kwa dhamana ni Amin, hilo halina ubishi; ndiye aliyetangaza kwamba ardhi yote mpaka mto Kagera sasa ni ya Uganda. Lakini lile neno lenyewe la kuvuka lilitoka kinywani mwa nani? Hapo masimulizi yanatawanyika. Wapo wanaoanza na ajali ya gari ya Aprili 1978 iliyomwumiza makamu wa rais, Mustafa Adrisi, ajali ambayo wafuasi wake hawakuiamini. Jeshi likaingiwa na mpasuko, vikosi vikaasi, waasi wakakimbilia Tanzania, na waliokuwa wakiwafukuza wakavuka nao. Wapo wanaosimulia ugomvi wa kilabuni karibu na mpaka, na afisa mmoja, Luteni Kanali Juma Butabika, aliyeingia Tanzania kwa hasira zake mwenyewe, kisha akampigia Amin simu kumwambia kwamba Watanzania ndio walioanza. Amin mwenyewe alishikilia kuwa yeye ndiye aliyevamiwa kwanza, na mwaka 2003 akafia uhamishoni Jeddah.

Mimi sina njia ya kuchagua simulizi moja na kuzitupa nyingine. Lakini ile ya simu inanikera, kwa sababu kama ina ukweli hata nusu, basi mtu ninayemtaka kwenye kinasa sauti si Amin. Namtaka aliyekuwa kwenye swichibodi. Namtaka mlinzi aliyesimama mlangoni wakati simu inapokelewa, aliyeuona uso wa mkubwa wake ukibadilika. Tumezoea kudhani kwamba siri ya vita inakaa kwa mwenye nyota nyingi begani. Mara nyingi mwenye nyota anakujulisha alivyotaka mambo yawe. Aliyebeba ujumbe anakujulisha ulifika saa ngapi.

Na wala jambo hili si geni kwetu. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiongozwa na wanahistoria kama John Iliffe na Gilbert Gwassa, walikwenda kusini kutafuta wazee waliokumbuka vita vya Majimaji. Miaka zaidi ya 60 ilikuwa imepita. Maandishi yaliyokuwapo yalikuwa zaidi ya Wajerumani, na mtawala akiandika juu ya uasi hutafuta kichwa cha uasi, apate mtu wa kumnyonga. Kichwa walikipata: Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, mganga wa maji. Walimnyonga tarehe 4 Agosti 1905.

Itazame hiyo tarehe. Vita vilianza siku za mwisho za Julai, pale Nandete, Umatumbi, watu walipong'oa pamba. Vikaendelea mpaka 1907, vikafika Mahenge, vikafika Songea kwa Wangoni. Huyu tunayemwita kiongozi wa vita aliishi ndani ya vita siku chache tu. Na wazee wa Umatumbi waliwaambia wale wanafunzi jambo ambalo mafaili yasingeweza kusema: Kinjikitile alikuwa amewaambia watu wangoje. Neno la kuanza hakuwa amelitoa. Waliochoka kungoja ndio walioanza. Wakang'oa miche ile ya pamba kama uchokozi wa kumlazimisha Mjerumani aje. Kama wanafunzi wale wasingetembea vijijini, tungebaki na uamuzi wa mtu mmoja mahali ambapo kulikuwa na subira ya mmoja na uchovu wa wengi.

Lakini nisiwasifu kupita kiasi. Wanahistoria waliokuja baadaye wamewachambua bila huruma, na wana haki yao. Mwaka 1968 nchi ilikuwa changa, inatafuta mizizi ya umoja wake, na muulizaji anayetafuta umoja huusikia hata pale mzee anapozungumzia kisa cha kijiji chake na jirani. Kwa hiyo kabla hujamwuliza mzee alitaka nini mwaka ule, jiulize wewe unataka nini mwaka huu.

Watu waliolifanyia kazi tatizo hili kwa bidii kuliko wote ninaowajua walikuwa wakichunguza vita ambavyo havikupiganwa. Ni ule mgogoro wa makombora ya Cuba, Oktoba 1962, Marekani na Umoja wa Kisovieti zilipokaribia kurushiana nyuklia. Kuanzia mwaka 1987, mtafiti James Blight na wenzake walianza kuwakusanya wazee waliokuwa ndani ya vyumba vya maamuzi, kwanza Wamarekani peke yao, halafu pamoja na Warusi, halafu na Wacuba. Mezani waliweka vitu vitatu kwa pamoja: watu walioamua, nyaraka za siku zile, na wasomi waliozisoma nyaraka hizo mpaka wakazijua kwa moyo. Mzee akisema, "Jumatano niliamua hivi," anaonyeshwa waraka wa Jumatano. Na mwenzake wa upande wa pili yupo kiti cha tatu, anatingisha kichwa.

Kisa ninachokipenda ni cha Moscow, Januari 1989. Robert Kennedy, ndugu yake Rais Kennedy wa Marekani, alikuwa ameacha kitabu juu ya siku zile 13, kikatoka mwaka 1969, yeye akiwa amekwisha kuuawa. Kwa miaka 20 watu walikisoma kama ushahidi wa aliyekuwamo. Pale Moscow, balozi wa zamani wa Kisovieti kule Washington, Anatoly Dobrynin, akasema kitabu hakielezi sawasawa yale aliyozungumza na Robert usiku mmoja wa mgogoro: Marekani ilikubali kwa siri kuondoa makombora yake Uturuki. Ndipo Theodore Sorensen, mshauri wa Rais Kennedy, akakiri kwamba yeye ndiye aliyekihariri kitabu, na kwamba habari hiyo ilikuwamo waziwazi katika shajara ya Robert, naye akaitoa kwa sababu ilikuwa bado siri. Umeona? Angeulizwa peke yake nyumbani kwake New York, na kijana mpole mwenye kinasa sauti, sidhani kama angesema. Aliyemtoa maneno ni mtu aliyekuwa upande wa pili wa siri ileile.

Robert mwenyewe alikwisha kuumbuliwa na mtambo. Kaka yake alikuwa amefunga vinasa sauti kwa siri ndani ya Ikulu, na washauri karibu wote hawakujua. Habari za kanda hizo zilijulikana mwaka 1973. Kitabu kinamwonyesha Robert kuwa mtu wa tahadhari. Kanda ya siku ya kwanza, 16 Oktoba, inamtoa akiuliza kama hakuna kisingizio kinachoweza kupatikana ili Cuba ivamiwe. Mimi simwiti mwongo. Wiki ile ilipokuwa ikiendelea alibadilika, akawa kweli mtu wa tahadhari, na baadaye alimkumbuka yule aliyekuja kuwa, akamsahau yule aliyeanza. Ndivyo tulivyo wote. Ila wengi wetu kusahau kwetu hakuhusu mamilioni ya watu.

Halafu Havana, Januari 1992. Fidel Castro amekaa mezani. Robert McNamara, aliyekuwa waziri wa ulinzi wa Marekani, amekaa mezani. Jenerali Anatoly Gribkov wa Urusi anaeleza kwamba mwaka 1962 askari wa Kisovieti kisiwani walikuwa zaidi ya 40,000, wakati Wamarekani walikuwa wakikisia kama 10,000. Na kwamba mbali na yale makombora makubwa yaliyoonekana kwenye picha za ndege, kulikuwa na silaha ndogo za nyuklia za kupigania ufukweni. Jeshi la Marekani lilikuwa limekwisha kujiandaa kutua kwenye ufuko huo. McNamara alikuwa na miaka 75, na siku ile ndipo alipojua alikuwa akiwapeleka vijana wake wapi.

Na kama hilo halitoshi, mwaka 2002, kwenye mkutano mwingine palepale Havana, ikasikika habari ya nyambizi B-59. Tarehe 27 Oktoba 1962 manowari za Marekani zilikuwa zikiiangushia mabomu madogo ya onyo ili iibuke. Ndani kuna joto kali, hewa nzito, na mawasiliano na Moscow hayapo. Nahodha akapandwa na hasira, akataka torpido ya nyuklia iandaliwe. Afisa mwenzake, Vasili Arkhipov, akamtuliza. Nani aliisimulia? Arkhipov alikuwa amefariki mwaka 1998. Msimulizi alikuwa Vadim Orlov, afisa wa kunasa mawasiliano aliyekuwa ndani ya nyambizi hiyo. Mtu wa redio! Kennedy alikuwa na mezani kwake mawaziri na majenerali, Khrushchev kule Moscow alikuwa na wake, na wote wawili hawakuwa na habari kwamba jambo kubwa la siku hiyo linaamuliwa chini ya maji na watu waliolowa jasho.

Sasa turudi nyumbani, maana huku kwetu kuna ugumu wa namna yake. Kijana wa miaka 28 ameketi mbele ya mzee wa jeshi. Amekwisha kusema shikamoo. Ameletewa chai. Atamwambiaje mzee huyo kwamba alilolisema si kweli? Hawezi, na nisingependa aweze. Lakini heshima ina milango ya uani. Wa kwanza ni karatasi. "Mzee, gazeti la Uhuru la siku ile liliandika hivi, nyinyi mliokuwa mbele mliionaje?" Karatasi haina umri, haiwezi kuambiwa haina adabu, na mzee akiipinga, anaipinga kwa maelezo, ambayo ndiyo uliyoyafuata. Wa pili ni ramani. Mtu anayesimulia kwa mdomo tu anaruka mto bila kuona; mpe ramani na kidole chake kitasita penye mto, naye ataanza kukueleza walivyovuka. Kule Kyaka daraja la mto Kagera lilikuwa limelipuliwa, kwa hiyo kuvuka hakukuwa jambo dogo.

Mlango wa tatu ni utani. Mzee atamfukuza mwandishi anayembishia, lakini mtani wake hawezi kumfukuza. Mtani anaruhusiwa kusema, "Wewe siku ile ulijificha chini ya lori, sisi tunajua," na mzee atacheka, atakasirika kidogo, kisha atasema alikuwa wapi hasa. Nashangaa kwamba vyuo vyetu vinafundisha mbinu za mahojiano kutoka vitabu vya mbali, na mtaala hauna hata somo moja la namna ya kumtumia mtani. Wakikosekana watani, walete wenzake wa kikosi wakae pamoja. Wazee wawili waliolala handaki moja hawahitaji profesa wa kuwasahihisha.

Kuna jambo la kiapo pia. Askari ameapa kutunza siri, na Sheria ya Usalama wa Taifa ya 1970 haikutungwa kwa mchezo. Mzee anayekataa kuzungumza usimwone mkaidi, anatimiza ahadi. Dawa yake inajulikana: rekodi leo, funga, fungua baadaye. Jacqueline Kennedy alirekodiwa mwaka 1964, miezi michache baada ya mumewe kuuawa, na kanda zile dunia haikuzisikia mpaka 2011. Miaka 47, na yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kufariki. Jeshi linaweza kuwa na sanduku lake, likaweka masharti yake, likakabidhi kwa Nyaraka za Taifa siku itakayokubaliwa. Kinachohitajika ni mzee aamini kwamba sanduku halitafunguliwa kabla, na kwamba likishafungwa halitaachwa stoo yenye unyevu mpaka kanda zishike ukungu.

Ningeanza na uamuzi gani? Si ule wa hotuba, huo tunao. Hotuba iliwaambia wananchi kwamba Amin atapigwa. Haikusema vita vitaishia wapi. Safari kutoka Kyaka mpaka Kampala iliamuliwa vipande vipande. Mutukula, pale mpakani, ilichukuliwa Januari 1979, Masaka na Mbarara mwishoni mwa Februari, Walibya wakaingia vitani kumsaidia Amin, mkutano wa Waganda huko Moshi ukafanyika Machi na kumchagua Yusuf Lule awe kiongozi wao, Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili, na Juni wanajeshi wetu walikuwa wamefika mpaka wa Sudan. Katika kila hatua palikuwa na mtu aliyeweza kusema, "Tuishie hapa." Nani alisema hivyo? Sokoine, waziri mkuu wa wakati ule, alifariki 1984. Mwalimu akafuata 1999. Kawawa, aliyekuwa waziri wa ulinzi, 2009. Mengi tunayoyajua juu ya vyumba vile tumeyapata kwa waandishi wawili Wamarekani waliokuwa wakiishi Dar es Salaam, Tony Avirgan na Martha Honey, waliofuatana na jeshi letu na kutoa kitabu chao mwaka 1982. Walifanya kazi kubwa, Mungu awalipe. Lakini watu wawili hawawezi kuwa kumbukumbu ya taifa zima.

Uamuzi ninaoutamani zaidi ni wa barabara ya Jinja. Jeshi letu lilipoikaribia Kampala, lingeweza kuuzingira mji pande zote. Mwalimu akataka njia ya mashariki iachwe wazi, ili Walibya waondoke bila kudhalilishwa zaidi, na akamjulisha hivyo kiongozi wa Libya, Gaddafi. Wakatoka. Kisiasa unaweza kuielewa: hakutaka ugomvi wa kudumu na Libya, na Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulikuwa tayari unamtazama kwa jicho la pembeni kwa kuvuka mpaka wa mwenzake. Lakini mimi nataka kujua neno lile lilipokelewaje mbele. Mwezi mmoja tu nyuma, pale Lukaya, kwenye njia ya kwenda Kampala, roketi za Walibya zilikuwa zimeitawanya Brigedi ya 201, mpaka Brigedi ya 208 ilipozunguka usiku kucha na kuwapiga kwa nyuma alfajiri ya Machi 11. Na mwisho wa Machi ndege ya Libya ilikwenda kupiga Mwanza, ikakosea, mabomu yakaangukia hifadhi ya Saanane na kuua swala. (Swala wale ndio pekee katika vita hivi ambao hakuna anayedai walianza.) Askari aliyezika wenzake Lukaya aliambiwaje kwamba waliowaua wenzake wamefunguliwa mlango? Afisa aliyepokea amri aliirudia kwa maneno gani? Alibishana na aliyeileta? Hilo haliko kwenye hotuba yoyote.

Lukaya yenyewe ina mambo ambayo upande mmoja hauwezi kuyamaliza. Kamanda wa Uganda pale, Luteni Kanali Godwin Sule, aliuawa vitani, na namna alivyokufa husimuliwa kwa njia zaidi ya moja, ikiwamo kwamba alikanyagwa na kifaru cha upande wake mwenyewe. Kwa Watanzania ni habari ya adui mmoja aliyeanguka. Kwa askari wa Amin ilikuwa amri iliyokatika ghafla katikati ya mapigano. Bernard Rwehururu, aliyekuwa afisa katika jeshi hilo, aliandika kumbukumbu zake, zikatoka mwaka 2002, na ukizisoma unaona jeshi lisilojua wakubwa wake wako wapi. Sisi tulidhani tunapigana na mpango. Wao walikuwa wanatafuta nani ana mpango.

Kwa hiyo meza ya Havana ndiyo ninayoitaka, na nadhani ingefaa iwekwe Masaka, mji ambao pande zote mbili zinaukumbuka. Tena sisi tungekuwa na nafuu moja kubwa. Havana kila neno lilipita kwa mkalimani. Mrusi akisema, Mmarekani anangoja, na hasira inapoa njiani. Lugha ya jeshi la Uganda tangu siku za KAR ilikuwa Kiswahili, na lugha ya jeshi letu ni Kiswahili. Amin na Musuguri wote wawili walipitia KAR, wakaamrishwa na kuamrisha katika lugha hiyo. Mzee wa Arua na mzee wa Musoma wanaweza kukaa pamoja na wakatukanana bila msaada wa mtu yeyote, na baada ya chakula cha mchana wakaulizana mambo ambayo mwandishi hakuyafikiria.

Nani waalikwe? Majenerali waliobaki, ndiyo, wapewe viti vyao vya mbele. Lakini kwa kila jenerali nataka watu watatu wa chini: mtu wa mawasiliano, dereva, na aliyekuwa akitafsiri au kuandika. Nataka wanamgambo waliochukuliwa vijijini kwa maelfu, na wanawake wa Kagera waliorudi wakakuta nyumba hazina mabati. Uamuzi wa vita una mwanzo wake ofisini na mwisho wake kwenye paa la mtu. Na nataka nyaraka ziwepo, hata kama ni magazeti tu na taarifa ile ya serikali ya Julai 1979 iliyopelekwa Monrovia, kwenye mkutano wa wakuu wa nchi za Afrika.

Gharama yake ni nauli, chakula, vinasa sauti, na posho ambayo hakuna kikao cha siku hizi kisichokuwa nayo. Yule kijana wa mawasiliano aliyekuwa na miaka 20 pale Lukaya sasa anakaribia 70. Swali la kwanza ningempa huyo, kabla jenerali hajafungua mdomo: jioni ya Machi 10, roketi zilipoanza, ulisikia nini kwenye redio, na ulimwambia nani?